Kabla

Baba mkwe wangu Asankul hakuamini madaktari,
aliamini chupa.
Nyekundu ya kiangazi, ya kuosha nozeli;
bluu ya kipupwe, rangi ya spiriti, ya kuzuia dizeli isigande.
Chupa moja, lita sitini.
Kwanza dawa, kisha mafuta, ili yakishuka kwa kishindo
yajikoroge yenyewe.
"Injini haisemi," aliniambia, "hukohoa tu.
Na ikikohoa, ujue umechelewa."

Mafundi wa Naryn walimcheka.
Kubatbek, mwenye gereji karibu na daraja,
alisema dawa za chupani ni sadaka ya wajinga:
badilisha chujio, mzee, achana na uganga.
Chujio akabadilisha. Na dawa akatia.
Gari lile la Kijerumani, kuukuu kuliko ndoa yangu,
lilikuwa limekula kilomita laki sita
na bado likiitika kwa stata moja.

Januari ile tulipakia nyama ya farasi, twende Bishkek.
Kituoni, mkono wake ukiwa kwenye pampu, simu ikalia.
Melis, mwanawe, mume wangu,
kutoka Yekaterinburg: mwaka huu pia harudi.
Asankul akamjibu neno ambalo sitaliandika.
Akakata. Akajaza tangi. Akalipa, akasahau chenji.

Chupa ilibaki chini ya kiti,
ikinigonga kisigino kila kona.
Niliisikia.
Nilidhani ni ya akiba.

Karibu na kilele cha Dolon gari likaanza kuvuta pumzi fupifupi,
likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Kama hujaona: dizeli haigandi kama maji.
Hufanya ukungu kwanza, kisha uji,
kisha nta, ikalala ndani ya chujio
kama mafuta ya kondoo juu ya mchuzi uliosahauliwa.

Akaitoa chupa, akaimimina yote, bila glovu,
akasubiri, akapiga stata. Akasubiri. Akapiga.
"Soma," akasema. Miwani yake ilikuwa nyumbani.
Nikamulika kibandiko, herufi za Kirusi, ndogo kama chawa:
*Itiwe kabla ya baridi. Haiyeyushi kilichokwisha kuganda.*
"Soma tena."
Nikasoma tena.

Tulikaa tumejifunika blanketi moja, nyama nyuma yetu,
theluji ikipiga kioo kama mtu anayerusha mchele.
Baada ya muda mrefu akauliza:
"Simu yako ina chaji?"
Ilikuwa na chaji. Mtandao ndio haukuwepo.

Dereva wa lori la makaa ya mawe ndiye aliyetuokoa,
Sheishen jina lake, meno mawili ya dhahabu.
Alilala chali chini ya tangi na taa yake ya moto,
akiipitisha polepole kama anayepasi shati la harusi,
akitukana kwa lugha mbili.
Chujio la zamani alilitupa bondeni, akafunga lake mwenyewe,
pesa akakataa, akachukua paja la farasi.
Kulipopambazuka injini ikaitika,
moshi mweupe, mzito, nikautazama kwa furaha.

Kubatbek bado anasema ni uganga.
Mimi sina hoja naye. Labda kweli
lile gari lilidumu kwa sababu ya chujio,
au kwa sababu kuna mtu aliyelisikiliza kila asubuhi
kabla ya kunywa chai.

Lakini Agosti, matikiti yamerundikwa kando ya barabara,
lami inanata viatuni,
Asankul alinunua katoni nzima ya chupa za bluu.
Muuzaji akacheka: "Mzee, jua lote hili?"
Hakumjibu. Akaniwekea katoni mapajani,
akanipa simu yake, maana tarakimu hazioni,
akawasha gari tusikilize kidogo.

"Nipigie yule wa Yekaterinburg," akasema,
macho kwenye usukani.
"Sasa hivi. Kabla sijabadili nia."